Jifunze Kuchomelea Nyumbani, Lakini Linda Macho Kwanza

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mimi kazi yangu ni habari. Nilisomea uandishi, si ufundi. Lakini Jumamosi utanipata nyuma ya nyumba nikichomelea vyuma, na najua siko peke yangu. Zamani ukitaka kujifunza kazi hii ulikaa kwa fundi wa jua kali miaka miwili ukishika vyuma na kutumwa chai. Leo kijana ananunua inveta ndogo inayobebeka kwa mkono mmoja, anatazama video kwenye simu, na jioni anawasha cheche. Hilo ni jambo jema. Mtu aliyejitengenezea stuli hawezi kulala njaa akipata nafasi ya kuuza stuli.

Nimekuja kusema jambo moja tu. Kuna mambo katika kazi hii ambayo unaweza kujifunza kwa kukosea, na mengine ambayo ukikosea mara moja hutapata nafasi ya pili. Tuyatenganishe.

Yale unayoweza kujifunza kwa kukosea

Mkono hujifunza kwa kuharibu. Nenda kwa wauza skrapu, nunua vipande vya chuma vilivyokatika, na uviharibu hivyo kabla ya kugusa chuma kipya cha hadwea.

Anza na rodi iliyoandikwa E6013. Ndiyo rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa sababu hushika moto haraka na ganda lake hutoka bila shida. Ile 60 inaeleza nguvu ya mshono, 1 inamaanisha unaweza kuchomelea kwa mlalo, kwa wima hata juu ya kichwa, na 3 inaeleza aina ya unga uliopakwa kwenye rodi. Rodi ya milimita 2.5 huhitaji takriban ampia 60 hadi 90. Anzia katikati, kisha panda au shuka.

Unene wa chuma ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mafundi wetu huhesabu kwa geji, na namba ikipanda chuma kinakuwa chembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.5, na geji 18 ni nyembamba zaidi. Anayeanza na geji 18 atatoboa matundu siku nzima, akate tamaa, auze mashine. Anza na pleti ya milimita 3 au zaidi.

Chora mistari. Usijenge kitu chochote wiki ya kwanza, chora mistari tu juu ya pleti. Angalia mambo manne: ampia, umbali wa rodi na chuma, pembe ya mkono, na mwendo. Umbali uwe kama unene wa rodi yenyewe. Ukiwa sawa utasikia sauti kama ya maandazi yakikaangwa, isiyokatika. Sauti ikipasuka-pasuka na cheche zikiruka kila upande, umeinua rodi mno. Rodi ikinata, ampia ziko chini au umeikandamiza.

Kisha vunja ulichounganisha. Bana kipande kwenye jiliwa, piga kwa nyundo hadi kikunjike. Mshono unaweza kung'aa nje na ndani uwe umekaa juu ya chuma kama ugali juu ya sahani, haujashika kitu. Fundi wa kweli anajua mshono wake kwa sababu amevunja mingi.

Yale usiyoweza kujifunza kwa kuumia

La kwanza ni macho. Mwanga wa kuchomelea una miale ile ile isiyoonekana inayotoka kwenye jua na kuunguza ngozi, ila hapa iko karibu na ni kali zaidi. Huunguza kioo cha jicho. Hatari yake ni kwamba hausikii kitu wakati ule. Unamaliza kazi, unakula, unalala, na usiku wa manane unaamka kama umemwagiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haizuii. Kufumba jicho moja hakuzuii. Kinachozuia ni barakoa ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au 11. Kama pesa zako zinatosha mashine peke yake, subiri mwezi mwingine ununue vyote viwili.

Ikishatokea, usiweke kipande cha kiazi, wala maziwa. Najua wengi wetu tumeambiwa hivyo na watu tunaowaheshimu, lakini jicho lenye kidonda ukiliwekea kiazi unaliongezea vijidudu. Nenda kituo cha afya. Na kumbuka watoto: wanapenda kutazama cheche. Weka bati au pazia zito kati yako na ua, kwa sababu jicho la mtoto haliko mkataba nawe.

La pili ni pumzi. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chomelea nje au mahali penye upepo, na usiinamishe kichwa juu ya moshi. Simama upande upepo unakotoka.

Mabati na mabomba yaliyopakwa zinki ni hatari ya pekee. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na saa chache baadaye unaweza kutetemeka, kupata homa na kuumwa na viungo. Katika kaunti yenye mbu, mtu atadhani ni malaria. Ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba ulikuwa ukichomelea mabati. Bora zaidi, paruza zinki yote sehemu ya kuunganisha kabla ya kuwasha, nje na ukiwa umevaa barakoa ya vumbi. Na yale maziwa ya kunywa baada ya kazi ni lishe nzuri, lakini huenda tumboni, hayaoshi mapafu.

La tatu ni stima. Nyumbani tunatumia volti 240. Soketi ya kawaida ni ya ampia 13, na mashine ikipandishwa inaweza kuvuta zaidi ya hapo. Ekstensheni nyembamba, au iliyobaki imeviringwa, hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA akuwekee laini ya mashine, yenye waya wa ardhi. Usichomelee umesimama kwenye maji wala ukiwa na glavu zilizolowa. Na mashine zile za kuundwa mtaani zenye koili wazi, hata zikiwa bei nafuu, si za kuweka mahali mtoto anapopita. Kuunganisha waya kwa njia ya mkato kutoka kwa nguzo ni kuvunja sheria, na pia ni kuchimba kaburi.

La nne ni moto. Cheche huruka hata mita 10. Ondoa nyasi kavu, magunia na mitungi ya gesi. Weka ndoo ya mchanga karibu. Na baki pale nusu saa baada ya kumaliza, kwa maana moto wa cheche huanza polepole. Tena, nawasihi sana: usichomelee pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta, liwe la gari, pikipiki au dizeli ya jenereta, hata kama umelisuuza kwa maji na sabuni. Mvuke unaobaki ndani unatosha kulilipua. Hiyo ni kazi ya wataalamu wenye vifaa.

Ukianza kufanyia wengine

Siku jirani atakapoona stuli yako atakuomba geti. Hapo mchezo unageuka kazi, na kosa lako linamwangukia mtu mwingine. Fikiria stendi ya tangi la lita 1,000. Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 1,000, na chini ya stendi ndipo akina mama huchota maji na watoto hucheza. Ngazi, bembea, geti la kuteleza, kiti cha kubeba abiria: usikubali kazi hizi hadi fundi mwenye uzoefu aikague mishono yako. Kusema "hiyo bado sijaiweza" hakumpunguzii mtu heshima.

Na ujuzi wako usikae bila karatasi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la polyteknik za vijijini, ambazo leo tunaziita vyuo vya mafunzo ya ufundi. Fika chuo kilicho karibu nawe, uulize kuhusu kozi fupi. NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, hutoa mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Pia tangu 2024 nchi yetu ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa: unapimwa kwa kile mkono wako unaweza kufanya. Mwenye kampuni ya ujenzi hawezi kuja kuona uani kwako, lakini anaweza kusoma cheti.

Wazazi, msiwazuie vijana wenu. Wanunulieni barakoa kabla ya mashine. Vijana, hayo mengine mtayajua kwa kuchoma rodi nyingi. Macho hayauzwi hadwea.

 Sasa nipo kwa maswali yenu.