Usiku wa Sikukuu, Ufunguo Uko kwa Nani?

Mada kwa semina ya wazazi na mashefu wa avenue, Lubumbashi



Nimeombwa kuzungumzia usalama wa nyumba wakati wa Halloween. Usiku huo wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, ulianzia kwa watu wa Ireland na Uskoti, ukakolea Marekani, ambako watoto huvaa vinyago na kugonga milango ya majirani wakiomba peremende. Sisi nasi tunazo siku zetu za kuziacha nyumba: tarehe 1 Agosti asubuhi, tunapokwenda makaburini kuwasafishia wazazi waliotutangulia, na tarehe 24 na 31 Desemba, tunapokesha kanisani mpaka alfajiri. Hizo ndizo nitakazozisema.

Mwizi tunamwogopa, na tuna sababu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia gereza la Kasapa la hapa mjini, wafungwa karibu 1,000 wakatoroka, na mji mzima ukalala macho. Mpaka leo, ukiwa Katuba, Ruashi au Kampemba, hutakosa mtu wa kukusimulia habari za majambazi. Ndiyo maana tumeinua kuta, tukapanda vipande vya chupa juu yake, tukaweka antivoli kila dirisha na kadena kubwa mlangoni. Simlaumu mzazi aliyefanya hivyo.

Kinachoniuma ni namna kadena hiyo inavyofungwa usiku wa sikukuu. Watoto wadogo wamelala. Umeme hakuna, basi mshumaa umesimamishwa juu ya kopo la maziwa kando ya kitanda, chandarua kikining'inia karibu yake. Mama anafunga mlango kwa nje, anatia ufunguo ndani ya sakoshi, na sakoshi inakwenda kanisani. Kweli mwizi hataingia. Lakini moto ukishika chandarua, mtoto wa miaka 8 atatokea wapi? Dirishani kuna chuma, mlangoni kuna kadena, na jirani atakayekuja mbio atasimama nje akisikia sauti asiyoweza kuifikia. Nyumba ya namna hiyo hatujailinda, tumeifanya gereza.

Kwa hiyo nawaomba kwa moyo wote: mtu asifungiwe ndani kwa nje, hata kwa saa moja. Abaki mtu mzima. Ufunguo utundikwe kwenye msumari ndani, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika lakini mkono wa mwizi, akiupitisha dirishani, haufiki. Na katika chumba wanacholala watoto, antivoli ya dirisha moja iwe ya kufunguka, yenye bawaba na kufuli ya ndani. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwenu anaiweza kazi hiyo.

Moto wenyewe una njia nyingi za kuingia. Moja inafahamika katika kila nyumba ya mji huu: resho. Mama anapika, SNEL inakata umeme, chakula kinahamishiwa kwenye mbabula, na resho inasahauliwa ikiwa imewashwa. Watu wanatoka. Saa sita ya usiku umeme unarudi na hakuna mtu jikoni. Umeme ukikatika, chomoa resho na pasi hapohapo, kabla hata ya kutafuta mshumaa. Mshumaa nao usimame ndani ya sahani yenye maji kidogo, mbali na pazia na chandarua. Bidoni ya mafuta ya jenereta ikae nje, na jenereta isiongezwe mafuta ikiwa inanguruma au bado ina joto.

Kuna pia hatari isiyo na mwali. Desemba mvua ni nyingi, mtu anaingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto, anafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, aliyelala haamki. Asubuhi watu wanaanza kutafuta mchawi, na familia inavunjika kwa kushukiana, wakati sababu iko palepale kwenye majivu. Mbabula ilale nje. Jenereta nayo isiwekwe barazani. Iwe mbali na madirisha, mita 6 au zaidi, na moshi wake uelekee upande usio na watu.

Turudi kwa mwizi. Chuma humchelewesha, jirani humfukuza. Filimbi na sufuria zikipigwa nyumba moja, na nyumba ya pili na ya tatu zikaitika, jambazi anajua ameonekana. Basi majirani wagawane mikesha: hawa waende kanisani tarehe 24, wale waende tarehe 31. Safari isitangazwe kwenye WhatsApp, na picha zitumwe mkirudi. Zamu wa parseli alipwe kabla ya sikukuu. Mtu anayelinda mali yako huku watoto wake wakilala na njaa umemwachia mzigo usio wa haki. Na mtoto anayebaki nyumbani asifungulie mtu asiyemfahamu, hata kama anagonga akisema ametumwa na baba.

Mashefu wa avenue, pendekezo langu ni moja. Kabla ya Noeli, chagueni jioni moja. Kila nyumba ifunge milango kama kwa kulala na kuzima taa zote. Kisha mtoto mkubwa wa nyumba aambiwe awatoe wadogo zake nje, bila msaada wa mzazi, naye baba asimame uani na saa mkononi. Nyumba ambayo watoto wameshindwa kutoka, fundi wa kuchomelea aitwe kesho yake, na avenue ichangie kama mwenye nyumba hana uwezo.