Mpangaji Naye ni Mwenye Mtaa

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzetu waliotoka Morogoro, sasa wanaishi Dar es Salaam)

 

Wengi humu ndani tumetoka upande mmoja. Kuna wa Kihonda, kuna wa Matombo, kuna waliolelewa Mgeta kwenye bustani za kabichi na njegere, na wa Kinole kwenye ndizi na viungo. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Juni 2024. Unapanda Moro, hujakaa vizuri umeshafika Dar. Kufika sio kazi tena. Kazi ni kukaa.

Tunakuja kwa nini? Zamani kijana wa Uluguru akishuka mlimani aliishia mjini Morogoro, maana viwanda vilikuwepo: ngozi, viatu, turubai, nguo. Kile cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kikafa. Leo kijana anaipita Msamvu bila kushuka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar. Hiyo ni sera, ndugu zangu, sio mkosi wa mtu.

Ukifika unayajua: dalali anataka chake, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, LUKU mnachangia nyumba nzima na ugomvi juu. Na maji je? Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na ndio unaonywesha sehemu kubwa ya jiji hili. Sisi wa mlimani tunanunua maji ya kwetu kwa ndoo!

Basi kijana anasema, "Mimi napita tu, hapa sio kwetu." Kauli hiyo ndiyo inatumaliza. Ukitaka namba ya NIDA, ukitaka kumwekea mwenzako dhamana, unaulizwa barua ya serikali ya mtaa. Mtaa mmoja niliokaa nilidaiwa hela ya barua. Nikaomba risiti. Nikajibiwa, "Wewe mpangaji tu, kamlete mwenye nyumba wako." Wanajua mpangaji hayupo kwenye daftari, basi hawamwogopi.

Na hela ipo. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chenu lazima kitambulike mtaani na kwenye kata. Nani atawatambua kama hata mjumbe hamumjui?

Uchaguzi wa mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024. Uandikishaji ulikuwa siku 10 tu, Oktoba 11 hadi 20, na daftari lake sio lile la Tume. Wapo waliodhani kadi ya mpigakura ya Morogoro inatosha. Haikutosha. Najua mtaniambia wagombea wetu walienguliwa kwa mafungu. Kweli, na tutaendelea kulipigia kelele. Lakini ukipigia kelele mtaa ambao jina lako halimo, kelele zako zinasikika kama za mgeni.

Miaka ya 1950 mkoloni aliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 Matombo wakakataa kwa umoja, na mpango ukafa. Mkoloni hakushindwa na mtu mmoja mmoja. Alikuta watu wanaojuana. Huku Dar tunakaa nyumba moja mwaka mzima hatujui jina la wa chumba cha pili.

Kwa hiyo kabla mwezi haujaisha, fanya haya. Nenda kwa mjumbe ujitambulishe. Dai mkataba wa chumba kwa maandishi, na risiti kwa kila hela. Tume ikifungua daftari, hamisha taarifa zako. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda na wapangaji wenzako watano, muulize mapato na matumizi.

Atakayewauliza "nyie wa wapi?", mjibuni: wa mtaa huu huu.