Simu Mkononi, Futari Mezani
(Maneno yaliyotolewa katika kikao cha kina dada kabla ya kuingia Ramadhan)



Kila sifa njema ni za Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi ndugu zetu wa kiume mlioko upande wa pili wa pazia (nawasikia), mada niliyopewa na chama ni hizi programu za simu zinazotuelekeza namna ya kula, na kama zinamfaa msichana wa Kiislamu. Kuna walioisikia mada wakacheka. Ati simu itufundishe kula! Lakini tusijidanganye, simu inatufundisha kula kila siku. Kabla hajalala msichana ameshaona baga, ameshaona keki, na ameshaona mwanamke mwenye kiuno cha nyigu akiuza chai ya kukondesha. Hayo yote ni mafunzo. Basi tuangalie kama katika simu hiyo hiyo mna la kutufaa.

Hali yetu si nzuri. Ule uchunguzi wa afya unaofanywa na serikali nyumba kwa nyumba ulionyesha kwamba mwaka 2008-09 wanawake wa Kenya wenye uzito uliopita kiasi walikuwa asilimia 25. Mwaka 2014 wakafika asilimia 33. Wengine husema huo ndio uzuri wa mwanamke wa pwani, na mimi sina ugomvi na uzuri wa mtu. Ugomvi wangu ni na sukari na presha ambazo zamani tulizijua kwa mabibi na sasa tunaziona kwa mama wa miaka thelathini.

Dini haikutuacha hapa. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mola wetu ametuhalalishia kula na kunywa akatukataza israfu. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akiwa hana budi kujaza tumbo, basi aligawe mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Hicho ni kipimo, na hakihitaji betri.

Sasa programu zenyewe zinafanya nini? Nyingi ni daftari tu. Unaandika ulichokula, nayo inakupa kalori, protini, mafuta, sukari. MyFitnessPal ya Marekani, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayojulikana zaidi. Nyingine, kama Yuka ya Ufaransa, unaelekeza kamera kwenye ile mistari myeusi ya pakiti, nayo inakupa rangi: kijani ni kizuri, nyekundu ujihadhari. Faida yake kubwa ni kuona kile ambacho jicho halikioni. Chukua soda ya kola. Ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita ni gramu 50 na ushei. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na akiweza kushuka hadi 25, yaani vijiko sita vya chai, ni bora zaidi. Chupa moja ya kushushia biriani imemaliza hesabu ya siku, na bado hujatia mkono kwenye kaimati.

Lakini hizi programu zimetengenezwa na watu ambao kila mmoja ana sahani yake. Sisi tunakula siniani. Nani atapima gramu za wali wakati mikono sita iko ndani ya kombe moja? Halafu utafute mbaazi za nazi. Katika programu nyingi watumiaji wenyewe ndio huingiza vyakula, hivyo utakuta majibu matatu ya chakula kimoja na hayalingani. Mahamri yenyewe unaambiwa ni donati. Kwa chakula chetu heri mtazame jedwali la vyakula vya Kenya lililotolewa na serikali pamoja na FAO mwaka 2018. Linapatikana bure kwenye intaneti, na ndani yake mna vyakula tunavyovijua kwa majina.

Mimi naona hesabu yenye manufaa zaidi kwetu ni ya chungu, si ya sahani. Hebu tufanye pamoja. Nyumba ya watu sita, Ramadhan, bajia, sambusa, viazi vya karai, katlesi: tuseme inamaliza lita tatu za mafuta kwa wiki. Ni nusu lita kwa kila mtu. Gawa kwa siku saba, unapata mililita 70 na kitu, karibu vijiko vitano vikubwa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kama kalori 120. Hata ukisema nusu yamebaki karaini au yamemwagwa, bado kila mtu amekunywa karibu kalori 300 za mafuta kwa siku, mbali na nazi. Hesabu hii hufanywa mara moja kwa wiki, na anayeishika kalamu asiwe msichana peke yake. Mara nyingi yeye ndiye apikaye, lakini si yeye anayeamua kinachopikwa. Baba akisema futari bila sambusa si futari, programu ya binti yake itafanya nini?

Kuna na jambo la saa. Programu nyingi hukata siku saa sita za usiku. Sisi siku yetu inaanza Magharibi. Futari unayokula leo jioni na daku utakayokula alfajiri vyote ni chakula cha saumu ya kesho na nguvu yake, lakini simu inavitenganisha siku mbili. Na saa saba za mchana inakupigia kengele: hujaandika chakula chako! Ukiamua kuitumia, izime kengele hiyo, na daku uiandike kwenye ukurasa wa jana ili usiku wako uwe mmoja. Na wale wenye programu za kufunga kwa kupunguza mwili, saa inayohesabu mpaka ufungue, wazitumie miezi mingine. Saumu ni ibada na ina nia yake.

Sasa nije kwenye lililonileta hasa, na hapa nitasema wazi kwa sababu ni kikao cha kina dada.

Tuna wasichana ambao siku zao za hedhi, siku ambazo sharia imewaondolea saumu, wanashinda bila kula. Kwa nini? Haya. Anaona aibu kaka zake wasimwone na kikombe. Anajificha, anatafuna biskuti chooni, au hali kabisa mpaka Magharibi. Dada zangu, kula siku hizo si dhambi. Saumu utailipa baadaye. Damu inatoka, na madini ya chuma yanatoka nayo. Wataalamu wa Marekani wanapendekeza mwanamke wa miaka 19 hadi 50 apate miligramu 18 za chuma kwa siku, ambapo mwanamume anatosheka na 8. Programu inayohesabu kalori tu itampongeza msichana huyu kwa kula kidogo! Haijui kama ana kizunguzungu. Mama zangu, wekeni chakula cha mchana jikoni wiki zote bila kuuliza ni cha nani: dengu, maini, mchicha, na ndimu ya kukamulia, maana ndimu husaidia mwili kuchukua chuma. Chai ya rangi na ya maziwa isubiri saa moja hivi baada ya chakula, kwa kuwa huzuia.

Na kuna waliopita mpaka upande wa pili. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2017 uliwauliza watu 105 wenye maradhi ya kujinyima au kuvurugikiwa na kula. Karibu robo tatu walikuwa wametumia hiyo MyFitnessPal, na katika hao asilimia 73 walisema imechangia maradhi yao. Simu haikuwapa ugonjwa peke yake, lakini mtu mwenye wasiwasi na mwili wake ukimpa mizani ya kila tonge umemtia moto. Ukimwona binti anapima kila kitu, anakimbia sinia, anatumia Ramadhan kuficha kwamba hali, na swala ya hedhi yake imepotea miezi, hapo usimsifu kwa kukonda. Mpeleke hospitali. Hata kwa shauri la kawaida la chakula, wataalamu wa lishe wanaosajiliwa Kenya wapo, kwa sheria ya mwaka 2007, na kliniki za lishe ziko kwenye hospitali za serikali.

La siri nitalipitia kwa haraka. Mwaka 2018 habari za akaunti kama milioni 150 za MyFitnessPal ziliibwa. Mwaka 2021 Flo, programu ya kuhesabia hedhi, ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani baada ya kushtakiwa kwamba iliwapa kampuni nyingine habari za afya za wanawake. Sisi tunaositiriana hata kamba ya kuanikia nguo, tunaiandikia simu mambo ambayo hatuwaambii dada zetu. Usiweke jina lako kamili, usiweke picha, na idadi ya siku za kulipa iandike kwenye daftari la karatasi.

Kwa anayetaka kujaribu, rai yangu ni hii. Tumia wiki moja ya Shaaban, si Ramadhan, na ukiwa umeshatimiza miaka 18. Usiangalie kalori. Tazama mambo matatu tu: sukari, mboga na matunda, na maji. Wiki ikiisha unajua chai yako ina vijiko vingapi kwa siku, na hilo hulisahau. Ukishajua, programu ifute, simu ipate nafasi ya Qur'ani. Wale wenye sukari au wajawazito wasifuate simu, wamwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tutakutana hapa hapa. Kila mmoja aje na pakiti moja ya kitu wanachonunua nyumbani kwao, juisi, biskuti, mchuzi wa unga, chochote, tusome pamoja maandishi ya nyuma. Mwenye miwani na aje nayo, yale maandishi ni madogo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.