Oili Ikizidi Kipimo: Mazungumzo na Madereva wa Nchelenge na Ufuko wa Ziwa Mweru



Huenda baadhi yenu mnajiuliza polisi wana shughuli gani na oili ya injini, jambo ambalo mahali pake ni gereji. Sisi si mafundi, wala hatukuja kuwanyang'anya mafundi kazi yao. Lakini gari likizimika kwenye kona usiku, likitoa moshi hadi anayefuata haoni mbele, au likishika moto likiwa na abiria, wa kwanza kuitwa ni polisi. Ndiyo maana tunapenda kuzungumza mapema, abiria wakiwa bado hai na salama. Nasi tunazungumza kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wanaoitumia barabara hii wametoka ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya upande wa Kongo, na wengine ni jirani zetu wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala.

Kila dereva anajua hatari ya oili kupungua. Wachache wanajua hatari ya oili kuzidi. Tumezoea kuwasikia madereva wakisema, "Safari ni ndefu, ongeza kidogo iwe akiba." Na kweli safari ni ndefu. Kutoka Kashikishi hadi Mansa peke yake ni zaidi ya kilomita 200, na anayepeleka chisense au pale kwenye miji ya migodi ya Copperbelt bado ana daraja la Chembe na njia ya kupitia Kongo mbele yake. Samaki hawasubiri, na dereva hataki kusimama njiani. Hata hivyo, sampu ya injini si ghala la kuwekea akiba. Ina kipimo chake, na Waswahili wanajua mambo yanakuwaje maji yanapozidi unga.

Tueleze kwa ufupi kinachotokea. Chini ya injini kuna sampu, ambamo oili hukaa. Juu yake huzunguka krenki, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Oili ikiwa katika kiwango chake, krenki haiigusi. Ikizidi, krenki huipigapiga kama mwiko upigavyo uji, nayo hujaa povu. Povu ni hewa, na hewa hailainishi chuma. Pampu huvuta povu badala ya oili, presha hushuka, na vyuma husagana ingawa oili imejaa tele. Ndiyo maana injini yenye oili nyingi mno inaweza kufa kifo kile kile cha injini iliyokauka.

Madhara hayaishii hapo. Presha ndani ya injini huongezeka, sili na gasketi husukumwa, na oili huanza kuvuja. Ikidondokea bomba la moshi lenye joto kali, moto unaweza kuzuka. Ikidondoka barabarani, mwendesha baiskeli au pikipiki anayefuata huteleza. Nyingine hupanda kupitia bomba la kupumulia na kuingia panapoingia hewa, ikaungua pamoja na petroli. Hapo ndipo mnapoona moshi wa buluu, plagi zinachafuka na gari linakosa nguvu.

Kwa injini ya dizeli hatari ni kubwa zaidi. Injini hiyo inaweza kuanza kuitumia oili yake yenyewe kama mafuta. Mwendo wa injini hupanda bila dereva kukanyaga kitu, moshi mzito hutoka, na hata ufunguo ukizimwa injini huendelea kunguruma. Hilo likitokea, ondoeni gari barabarani kwa utulivu, kanyageni breki kwa nguvu, na kama ni gari la gia za mkono, wekeni gia ya juu kabisa kisha achieni klachi ili injini ilazimike kuzimika. Abiria washuke mara moja na wasogee mbali. Pasiwe na mtu wa kufungua boneti wala kuingiza mkono ndani.

Sasa tuulize, oili huzidi vipi wakati kila mtu anapima? Mara nyingi kosa liko katika kupima kwenyewe. Tuchukue mfano wa lori lililoegeshwa ufukweni, pua yake ikielekea majini, likisubiri mzigo. Mchanga umeinama, na oili ndani ya sampu imeinama pamoja nao. Kijiti cha kupimia, ambacho mafundi hukiita dipstiki, kinaweza kuonyesha upungufu ambao haupo. Dereva anaongeza lita moja. Akifika barabarani penye usawa, lita ile imekuwa ziada. Kosa la pili ni kupima mara tu injini inapozimwa, wakati oili nyingi bado iko juu haijashuka. La tatu ni la watu wawili: dereva ameongeza asubuhi, utingo naye anaongeza mchana, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Njia iliyo sahihi ni rahisi. Egesheni mahali tambarare, vuteni breki ya mkono na kuzima injini. Subirini dakika 10 hadi 15. Chomoeni kijiti, kipanguseni kwa kitambaa safi, kirudisheni hadi mwisho, kisha kichomoeni tena na kusoma. Oili inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na alama ya juu. Katika magari mengi madogo, nafasi iliyo kati ya alama hizo ni kama lita moja, hivyo anayeongeza aongeze kidogo kidogo na kupima tena. Tena angalieni msichanganye vijiti. Baadhi ya magari ya gia za otomatiki yana kijiti cha pili cha giaboksi, na hicho mara nyingi hupimwa injini ikiwa inanguruma. Cha injini hupimwa ikiwa imezimwa.

Mkikuta oili imepita alama ya juu kwa unene wa ukucha tu, kwa kawaida injini haiharibiki papo hapo, ila ni vema ipunguzwe mapema. Ikiwa imepita kwa sentimita moja au zaidi, tunawaomba msiwashe gari. Ziada hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuilegeza taratibu nati ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu, chombo kikiwa tayari, na kuikaza tena baada ya kutoka kiasi. Ya pili ni kuivuta kwa bomba jembamba na pampu ndogo kupitia tundu la kijiti. Msivute kwa mdomo kamwe. Oili iliyotumika ni sumu, na ikiingia mapafuni huleta madhara makubwa. Msiifungue ikiwa ya moto, na mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake au kwa mawe. Baada ya kupunguza, pimeni upya kama tulivyoeleza.

Iwapo hakuna aliyeongeza oili na bado imepanda, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Nuseni kijiti. Kikinuka petroli au dizeli, mafuta yanavujia ndani ya sampu. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, pengine kwa gasketi iliyoungua. Kupunguza hakutatibu chochote hapo. Gari hilo lipelekwe kwa fundi, wala lisipakie abiria.

Wenye maboti nao wana sehemu yao. Injini za boti zinazochanganya oili ndani ya petroli zina utaratibu wao, lakini zile zenye oili yake peke yake hupimwa zikiwa zimesimama wima, si zikiwa zimeinamishwa juu ya mchanga. Gari likizimika, dereva anaweza kushuka na kutembea. Mvuvi wa chisense aliye katikati ya ziwa usiku, upepo ukianza, hana pa kushuka.

Limebaki jambo la oili iliyotolewa. Tafadhali msiimwage mchangani, mtaroni wala ziwani. Ziwa letu ni la kina kifupi, wastani wake haufiki hata mita 10, na kinachomwagwa ufukweni hubaki kwetu. Oili hutanda juu ya maji, huzuia hewa na huwadhuru samaki ambao ndio ada za shule za watoto wetu. Tunafunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Itakuwa ajabu tukiwalinda kwa miezi mitatu na kuwatia sumu miezi mingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 12 ya mwaka 2011 nayo inakataza uchafuzi huo. Itieni katika dumu lenye mfuniko, liandikwe wazi, liwekwe mbali na watoto, na lipelekwe gereji inayokusanya oili chakavu. Dumu hilo lisirudi tena jikoni.

Mwisho, tunawasihi mtuamini katika jambo moja. Wapo madereva ambao, wakiona moshi nyuma yao, huongeza mwendo ili wavuke kizuizi cha polisi kabla gari halijasimamishwa. Ndugu zetu, simameni. Wekeni pembetatu za tahadhari, shusheni abiria upande ulio salama, kisha mtuite. Gari bovu tutalizuia lisiendelee na safari, hilo hatulifichi, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyopewa. Lakini mzigo wa samaki ukiharibika, mwingine utavuliwa. Abiria aliyepotea harudi, na mwenye kubisha hodi nyumbani kwake kupeleka habari hiyo ni sisi.

Nanyi abiria, mkiona moshi au kusikia harufu ya oili inayoungua, mwambieni dereva kwa upole, na akikataa, shukeni.