Kuwaongoza Wanafunzi wa Chuo Kikuu Nyakati za Mabadiliko
(Mada iliyotolewa katika semina ya washauri na walezi wa wanafunzi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya wajibu wa viongozi wa huduma za wanafunzi wakati mambo yanapobadilika kwa kasi. Tunasema kama watu walioifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, tukishika funguo za mabweni, tukisikiliza malalamiko ya chakula na kukesha na wagonjwa. Tutaeleza tuliyoyaona, pamoja na pale tulipokosa.

1. Tulikotoka

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Kwa miaka mingi Serikali iligharimia masomo, malazi na chakula. Mshauri wa Wanafunzi wa siku zile alikuwa kama mzazi mwenye ghala: aligawa vyumba, akasimamia jiko, akatunza nidhamu. Mwanafunzi alijua kwamba akifika chuoni atalala na atakula.

Hali ya uchumi ilipoharibika katika miaka ya 1980, ghala lilianza kupungua. Mwaka 1988 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi na wazazi watachangia gharama za elimu ya juu, na kuanzia mwaka 1992 mpango huo ukatekelezwa kwa awamu. Mlimani huduma ya chakula ilikabidhiwa kwa wafanyabiashara binafsi. Kisha, kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Vyuo vyenyewe viliongezeka: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007.

Hatusemi kwamba mabadiliko hayo yote yalikuwa mabaya. Milango iliyokuwa wazi kwa mamia ikafunguliwa kwa maelfu. Lakini yule mzazi mwenye ghala sasa hana ghala, na watoto wameongezeka. Hapo ndipo swali la haki linapoanza.

2. Funzo la mwaka 1990

Tukumbuke mambo mawili ya mwaka huo. Mwezi Februari mwanafunzi wa kike wa Mlimani alijiua baada ya kuandamwa na kikundi cha wanafunzi kilichojulikana kwa jina la Punch, kilichokuwa kikibandika ukutani michoro na maneno ya kuwadhalilisha wenzao. Mwezi Mei, baada ya wanafunzi kugoma kuingia madarasani, Serikali ilikifunga chuo, nacho hakikufunguliwa mpaka Januari 1991.

Mambo hayo mawili yana sura tofauti, lakini yanatufundisha jambo moja. Katika la kwanza, watu walikuwa wamezoea kuuona uonevu ukutani na kuuita utani. Katika la pili, pande mbili zilifika mahali ambapo kila mmoja alisema na hakuna aliyesikia. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Walioumia zaidi ni wale ambao nyumbani hawakuwa na mahali pa kungojea kwa miezi hiyo yote.

3. Kosa letu wenyewe

Katika chuo kimoja tulichokitumikia, uongozi uliamua kwamba asiyemaliza ada asipewe chumba. Tuliona ni agizo la kawaida. Tukaandika tangazo, tukaligonga muhuri, tukalibandika, na tukajihesabu kuwa tumemaliza kazi.

Mwaka huo fedha za mikopo zilichelewa. Wiki ya tatu mama mmoja mfanyakazi wa usafi alikuja ofisini kwetu, akasita mlangoni, kisha akasema: “Wazee, yuko binti analala chini ya ngazi za maktaba. Mimi humpa chai asubuhi. Nimeona niwaambie.” Tulikwenda tukamkuta. Alikuwa amekunja kanga yake vizuri na kuiweka juu ya vitabu, kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote. Tulipomwuliza kwa nini hakuja kwetu, alijibu: “Tangazo lilikuwa na sahihi yenu.”

Jibu hilo hatujalisahau. Katika majalada yetu binti yule alikuwa “mwanafunzi wa kutwa.” Aliyemjua kwa hali yake halisi ni mama wa usafi, mwenye mshahara mdogo kuliko wetu sote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulikuwa tumeyapitisha mabadiliko kwa amani ya karatasi, wala hatukuuliza yatamwangukia nani.

4. Mambo tuliyojifunza

Kwanza, kila badiliko lipimwe kwa hali ya aliye mnyonge kuliko wote. Kabla ya kutia sahihi, tujiulize: mtoto wa mkulima asiye na ndugu mjini ataishije kwa wiki nne ikiwa fedha za kujikimu hazijafika? Kama hatuna jibu, agizo halijakamilika.

Pili, wanafunzi washirikishwe kabla ya uamuzi. Kuwaita viongozi wao na kuwasomea jambo lililokwisha kuamuliwa ni kutoa taarifa tu; kushauriana ni kukubali kwamba mawazo yetu yanaweza kubadilika. Wanafunzi nao wanajua mambo tusiyoyajua. Ule utaratibu wanaouita “kubebana,” yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake asiye nacho, tuliupiga vita miaka mingi kama uvunjaji wa kanuni. Ni kweli una hatari kwa afya na usalama. Lakini ulikuwa pia ushahidi wa upungufu wa vitanda, na wa utu wa vijana hao. Mwaka 2017 yalipofunguliwa Mlimani majengo 20 ya mabweni yenye nafasi 3,840, ilionekana wazi kwamba kilichokosekana kwa wengi hakikuwa nidhamu.

Tatu, tuwakumbuke wafanyakazi. Jiko linapokabidhiwa kwa mfanyabiashara, wapishi, wahudumu na walinzi hupoteza kazi au huanza upya kwa mikataba hafifu. Hao ndio macho ya ofisi yetu. Atakayewaondoa bila heshima atakuwa amejipofusha mwenyewe.

Nne, tuseme kweli kwa walio juu yetu. Mshauri wa Wanafunzi amesimama katikati. Akiwa sauti ya uongozi tu, wanafunzi watamkimbia. Akiwa mshangiliaji wa migomo, uongozi hautamsikiliza. Heshima yake inatokana na kusema jambo lile lile katika vyumba vyote viwili: kwa Makamu Mkuu wa Chuo na kwa serikali ya wanafunzi.

Tano, tujiandae mapema. Machi 2020 vyuo vyetu vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na vilifunguliwa Juni 1 mwaka huo. Wanafunzi waliondoka kwa haraka, wengine bila nauli. Chuo chenye mfuko mdogo wa dharura na orodha ya wenye shida hakibahatishi siku kama hiyo. Mfuko wetu tuliuanzisha baada ya kumwona yule binti, kwa michango ya wafanyakazi wenyewe. Haukuwa mkubwa. Lakini tangu hapo tangazo lo lote la ada lilikuwa na mstari wa mwisho uliosema: “Mwenye shida afike ofisini, atasikilizwa.”

5. Hitimisho

Ndugu washiriki, mabadiliko hayatatungoja. Sheria zitabadilika, idadi itaongezeka, na mambo mengi yatahamia kwenye kompyuta, mahali ambapo hata mama wa usafi hataweza kumwona analala wapi. Hatuna uwezo wa kuyazuia yote, na mengine hayafai kuzuiwa. Tulicho nacho ni uwezo wa kuhakikisha kwamba mzigo wake haumwangukii peke yake aliye dhaifu, na kwamba penye sahihi yetu pana pia mlango ulio wazi.

Binti yule alimaliza masomo. Siku ya mahafali hakuja kwetu kwanza. Alimtafuta mama wa usafi, akamvika joho lake. Tuliona ni haki.



Maswali ya majadiliano katika vikundi

1. Katika chuo chenu, ni badiliko gani la karibuni lililowaumiza zaidi wanafunzi maskini? Nani aliligundua kwanza?
2. Ni wafanyakazi gani wanaoijua hali halisi ya wanafunzi lakini hawaitwi vikaoni?
3. Ni jambo gani moja ambalo ofisi yenu inaweza kulifanya kabla ya muhula ujao bila kungoja fedha kutoka nje?