Pesa Zenu Mpakani Kwetu

Nimeombwa niseme habari za nyumbani. Nitasema habari za pesa zenu.

Ndiyo, zenu. Kituo cha pamoja cha Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kile walichozindua marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kodi ya hapa Uingereza imo ndani yake. Jengo lipo, malori yanapita. Lakini jengo halimwambii mama mwenye kreti ya nyanya kwamba mazao ya Afrika Mashariki yasiyozidi dola 2,000 hayatozwi ushuru wa forodha, mradi ajaziwe cheti cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Asipojua, anapita njia ya panya, na huko anangojewa na kijana anayetaka kitu kidogo. Kumfumbua macho mama huyo ni kazi ya asasi za kiraia, na sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo imelipiwa na Ulaya.

Sasa ng'ambo ya pili, Uganda, mfuko wa demokrasia wa DGF, ulioanzishwa 2011 kwa pesa za Ulaya, ulisimamishwa na Museveni mwanzoni mwa 2021. Aliufungulia 2022, na mwaka huohuo ukafunga virago. Alilalamika kwamba unaendeshwa na wageni watupu. Nia yake naitilia shaka, ila hoja ilikuwepo: asasi zetu, hata upande wa Kenya, zilizoea kumridhisha mfadhili kwa ripoti za Kiingereza kizuri, na mwenye nyanya hakuulizwa kama kazi ilimfaa.

Nayo serikali ya hapa ilitangaza Februari 2025 kwamba misaada itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili jeshi liongezewe. Kwa mama mwenye nyanya pale Malaba, kituo kingine cha mpaka huohuo, aliyekata kwa hasira na aliyekata kwa hesabu ni mamoja.

Matanga tunayachangia bila kusukumwa. Basi tuchangie pia meza moja ya kuwaelekeza wauzaji pale Malaba, na binti mmoja anayejua Kiteso, Kiluhya na sheria za forodha. Hesabu za meza hiyo zisomwe sokoni, siku ya soko, kwa lugha ya wauzaji.

Halafu, kuhusu misaada hiyo inayokatwa, kuna kura. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kumchagua mbunge wa hapa. Wakenya, Waganda na Watanzania wote mmo. Kabla pilau haijaletwa, naomba mikono ya waliojiandikisha.