Fundi wa Bustani Katika Hifadhi ya Wanyama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya kazi moja ambayo aghalabu haitajwi katika mazungumzo yetu sisi makarani, nayo ni kazi ya fundi wa bustani katika hifadhi ya wanyama. Twajua ya kwamba wako waliocheka kidogo waliposikia tangazo la hotuba hii. Katika nyumba nyingi za watu waliosoma, jembe huhesabiwa kuwa adhabu ya mtoto aliyeshindwa mtihani, na kalamu kuwa zawadi ya yule aliyefaulu. Mzazi hujivuna akisema, "Mwanangu yuko afisini"; lakini mwanawe akiwa bustanini, mzazi huyo hujibu kwa sauti ndogo, "Bado anatafuta kazi." Leo twataka kuonyesha ya kwamba kazi hii ni elimu kamili, na ya kwamba hifadhi ya wanyama isiyo na fundi wa bustani si hifadhi, bali ni zizi tu.

Natutazame kwanza kazi yenyewe. Mgeni hulipa kiingilio chake ili amwone twiga, kiboko na mamba. Miti huiona kama aonavyo kuta za nyumba: ipo, basi. Lakini kila mnyama alaye majani ni deni la kila siku juu ya mtu apandaye. Kiboko mzima hula nyasi kadiri ya kilo 40 kwa usiku mmoja. Tukifanya hesabu ya mwaka, tutapata kilo 14,600, yaani zaidi ya tani 14 kwa mnyama mmoja. Twiga naye huweza kula majani kilo 30 kwa siku, wala hali jani lo lote tu. Huchagua, na hupenda zaidi migunga na miti iliyo ya jamii yake. Porini mnyama hula huku akitembea, na mti ulioliwa leo hupata nafasi ya kupumzika. Ndani ya ua hana pa kuhamia. Asipowekewa mpango, atakula majani, kisha matawi, na mwisho atabandua gome, na mti utakufa.

Kwa hiyo fundi hana budi kujua kila mti waweza kukatwa matawi mangapi, na utachukua muda gani kuchipua tena. Yampasa kuzungushia waya au mawe miti isiyofaa kuguswa, na kuwa na miche mingine kitaluni ikingoja zamu yake. Hii ni hesabu ya mapato na matumizi, sawasawa na ile iliyo mezani petu. Ila katika daftari lake kosa halifutwi kwa raba.

Tena yampasa kuijua sumu. Oleanda ni kichaka chenye maua ya kupendeza, nacho hupandwa mbele ya nyumba nyingi na hoteli nyingi. Lakini majani yake, hata kwa kiasi kidogo, huweza kumwua ng'ombe au farasi. Lantana nayo, iliyotapakaa kando ya njia zetu, huharibu ini la mnyama aliyeila. Mtunza bustani wa mjini aweza kupanda ua kwa sababu ni zuri. Yule wa hifadhi hawezi. Kwanza lazima aulize ni nani atakayelifikia kwa mdomo. Kadhalika hawezi kunyunyiza dawa ya wadudu ovyo, maana jani lililonyunyizwa asubuhi huenda likawa tumboni mwa mnyama kabla ya adhuhuri.

Hayo ni ya kila mahali. Sasa twatoa mfano mmoja ulio karibu nasi, katika pwani ya Kenya, kaskazini ya mji wa Mombasa, mahali paitwapo Bamburi. Mfano huu twauchagua kwa sababu hapo hapakuwa na mbuga, wala msitu, wala hata udongo. Palikuwa na shimo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hutokana na mawe ya chokaa yaliyosagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha yakachomwa kwa moto mkali. Mawe ya Bamburi ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa baharini zamani za kale na kuachwa juu ya nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Wachimbaji waliyakata mawe hayo mpaka karibu na maji yaliyomo ardhini, kisha wakasogea mbele. Bandu bandu huisha gogo. Nyuma yao palibaki timbo kubwa, sakafu nyeupe ya mwamba, isiyo na udongo wala kivuli, juu jua la kuchoma, na chini kidogo maji ya chumvi-chumvi.

Mwaka 1959 kiwanda kilimwajiri Mswisi mmoja, jina lake René Haller, ambaye alikuwa amesomea kazi ya bustani na kilimo cha nchi za joto. Kazi aliyopewa ilikuwa kutunza bustani na kusimamia shamba la kuwapatia wafanyakazi chakula. Mwaka 1971 alianza kupanda miti ndani ya timbo. Alijaribu aina 26. Katika hizo, ni aina 3 tu zilizodumu: mnazi, mti wa damas utokao Somalia, na mvinje.

Twaomba wanachama watulie hapa kidogo. Aina 26 zilipandwa, na 23 zikashindwa. Katika afisi zetu, karani atakayeleta barua 26 na 23 zikawa na makosa, hatakaa kitini pake mwezi wa pili. Lakini katika kazi ya fundi wa bustani, zile 23 si hasara tupu, maana kila mti uliokufa umetoa ushahidi: huu hauvumilii chumvi, huu hauwezi jua, huu wataka udongo mwingi. Yeye asiyeweza kuvumilia kushindwa mara 23 hawezi kuufikia mvinje. Ndiyo maana twasema ya kwamba kazi hii yataka akili iliyofunzwa, tena yataka moyo.

Je, mvinje uliwezaje kuishi juu ya jiwe? Katika mizizi yake mna vinundu, na ndani ya vinundu hivyo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huchukua naitrojeni iliyomo katika hewa na kuugeuzia mti chakula. Mti upate kwao chakula, nao wapate kwake sukari na makao. Tena mvinje ni mti wa pwani kwa tabia yake. Huvumilia chumvi na upepo wa bahari, na hukua upesi. Watu wa pwani waujua sana kwa nguzo na boriti zake.

Lakini baada ya ushindi huo likatokea tatizo jingine. Mivinje ilikua na kuangusha majani yake yaliyo kama sindano, yakarundikana chini, wala hayakuoza. Majani hayo yana ukakasi mwingi, na vijidudu viozeshavyo huyakataa. Basi palikuwa na miti, lakini udongo haukupatikana. Na pasipo udongo hakuna nyasi, wala mti wa pili, wala mnyama. Hapo ndipo alipoonekana jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu, akiyala majani makavu ya mvinje. Haller akaagiza majongoo waokotwe kwingineko na kuletwa timboni kwa mamia. Wakala, wakazaana, na kinyesi chao vijidudu vikakiweza. Haba na haba hujaza kibaba: mwamba ukaanza kufunikwa na udongo mweusi.

Wahenga walisema ya kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu alifanya kinyume. Alimwokota jongoo, akaokoa na mti. Wangapi katika sisi, tukimwona jongoo barazani, hatutafuti ufagio?

Udongo ulipopatikana, mambo mengine yalifuata kwa taratibu yake. Nyasi zilishika, na miti ya asili ya pwani ikapandwa katika kivuli cha mivinje. Mabwawa yalichimbwa, yakafugwa samaki na mamba. Pofu na choroa waliletwa, na samadi yao ikaongeza rutuba ya mahali walipolishwa. Baadaye wakawako viboko, twiga na wengineo. Mwaka 1984 milango ilifunguliwa kwa wageni. Mwaka 1987 Haller alitiwa katika orodha ya heshima ya watu 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na baadaye mahali hapo pakapewa jina lake, pakaitwa Haller Park.

Zingatieni mpango huo: vijidudu kwanza, mvinje wa pili, jongoo wa tatu, udongo wa nne, nyasi na miti ya asili, na mwisho kabisa mnyama mkubwa. Lau twiga angaliletwa mwaka 1971, angalikufa kwa njaa juu ya jiwe jeupe.

Wengi wenu mtakumbuka habari za kiboko mdogo aitwaye Owen. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 aliokolewa baharini karibu na Malindi, baada ya mawimbi makuu ya tsunami, akapelekwa Haller Park. Huko aliandamana na kobe mkubwa wa Aldabra, jina lake Mzee, wakala pamoja na kulala pamoja, na magazeti ya dunia nzima yakaandika habari zao. Ilistahili kuandikwa, nasi tuliisoma kwa furaha. Lakini hatukuona gazeti lililouliza ni nani aliyeotesha majani yale waliyokuwa wakila, au kile kivuli walichokilalia. Mtu aokoaye mnyama kwa kamba na wavu hutajwa. Mtu aliyetayarisha mahali pa kumpeleka, miaka 30 kabla ya siku hiyo, husahauliwa.

Yafaa tuseme kweli yote. Hatusemi ya kwamba timbo la Bamburi limerudi kuwa kama lilivyokuwa kabla ya kuchimbwa. Mwamba uliosagwa haurudi, na msitu uliopandwa si sawa na ule uliojiotea wenyewe kwa karne nyingi. Hata mvinje wenyewe si mwisho wa safari. Hutangulia ili wengine wapate kivuli na udongo, kisha hupunguzwa kwa shoka ili miti ya asili ipate nafasi. Fundi mwema hushika panda yake na shoka lake bila kuona haya, maana haupandi mti apate kusifiwa kwa ajili yake, bali kwa ajili ya ule utakaoufuata.

Neno la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Kila mmoja wetu aliyejenga, au atumainiye kujenga nyumba ya saruji na mawe kwa akiba ya mshahara wake, amechimba shimo mahali fulani, hata kama hakulishika sururu yeye mwenyewe. Mfuko wa saruji hauanguki kutoka mbinguni. Twalipa bei ya duka, twapokea stakabadhi, twadhani hesabu imefungwa. Haikufungwa. Liko deni jingine ambalo ardhi yatudai, nalo halilipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa na mtu ainamaye, ajuaye mti gani uanze na mti gani ufuate, awezaye kungoja, na asiyedharau hata jongoo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo ombi letu kwa wanachama ni dogo. Mtoto wako, awe wa kiume au wa kike, akikuambia ya kwamba anataka kusomea mimea, usimwulize, "Umeshindwa wapi?" Mwulize anataka kusoma nini, wapi, na kwa miaka mingapi, kama vile ungemwuliza angalitaja sheria au udaktari, nawe umtafutie karo. Maana matimbo yako mengi katika nchi zetu, na hesabu ya mawe twaijua vizuri. Waliopungua ni wale wa kuyafunika.